Dau la Jiko

Usiku nililala dirisha wazi, kama kawaida ya Agosti,
na alfajiri vidole vya miguu vikapata habari
kabla ya redio:
shuka moja halitoshi tena.

Wifi yangu Hisae yuko jikoni, kavaa fulana isiyo na mikono
makusudi,
ngozi imemsimama kama ya kuku aliyenyonyolewa,
na bado anajipepea.
"Kiangazi cha mwaka huu king'ang'anizi," asema.
Tuna dau, mimi na yeye, mwaka wa kumi na tisa huu:
atakayetangulia kuwasha jiko la mafuta ya taa
ndiye atakayeosha figili zote za kutia chumvi,
mia na ushei, kwa maji ya bomba la nje,
Novemba, mikono ikigeuka rangi ya biringani.
Mwaka jana nilishindwa mimi.
Nilisingizia mafua. Hakuna aliyeniamini.

Nje, Mlima Iwaki umesogea.
Kiangazi chote ulikuwa fununu tu ya mlima;
leo naweza kuhesabu mikunjo yake.
Hewa imepigwa pasi.

Shambani tunachuma majani, si matunda.
Jani linalolikinga tufaha na jua linaondoka,
kisha tunayageuza matufaha, moja moja, taratibu,
kama unavyomgeuza mtoto aliyelala,
ili upande wa pili nao upate wekundu wake.
Chini ya miti tumetandika mashuka ya fedha,
hivyo jua linakuja kutoka juu na kutoka chini,
na mzee Tokuji, mwenye kofia pana kuliko mwavuli,
kila mwaka huungua kidevu.

Nyenze amebaki mmoja, kwenye mwerezi wa jirani.
Ijumaa aliimba, akanyamaza, kama anayengoja kuitikiwa.
Jumatatu hakuimba.
Sitasema nilihuzunika. Julai nilitaka kuwashtaki wote.
Kereng'ende wekundu wameshuka mlimani,
wamepanga foleni kwenye kamba ya nguo,
wananikodolea macho nianue soksi.

Na Minori kavaa sare ya baridi kwa mara ya kwanza:
mikono ya koti imeishia mbali na viganja.
Kumbe kiangazi chote alikuwa akirefuka
bila kumwarifu mtu.
Nikafumua upindo, uzi mweusi mdomoni,
harufu ya dawa ya nondo ikinipanda puani,
na ghafla nikafurahi,
furaha ya kipumbavu, isiyo na risiti.
Mfukoni mwa koti, kokwa mbili za mwaloni
za vuli iliyopita. Nikazirudisha.

Usiku nikashuka kunywa maji.
Hisae kachuchumaa mbele ya jiko, kiberiti mkononi,
gizani, kama mwizi.
"Nakagua utambi," akasema.
"Na mimi nimekuja kukagua utambi."
Basi tukaukagua.
Tukaketi, blanketi moja, miguu minne,
jiko baridi mbele yetu kama mtu aliyesusa,
tukagawana tufaha lililopondeka upande mmoja
(lililopondeka ndilo tamu, hapa kila mtu anajua,
ila hatuwaambii wanunuzi).
Bustanini figili zinanenepa bila haraka.
Mmoja wetu ataziosha.
Hakuna aliyegusa kiberiti.

Nje, kitu kikaangukia shuka la fedha,
ko! mara moja tu, kama mgeni anayebisha.

"Karibu," akasema Hisae, mdomo umejaa.